HATUA HII NI YA NANI? Somo Fupi Kuhusu Kiinimacho cha Karata

Najua utauliza karata zimeingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili. Nivumilie kidogo. Nitakuhadithia kisa kilichonipata jukwaani, kisha tutafanya somo pamoja. Tafuta karata 21. Kama huna, kata vipande 21 vya karatasi uviandike nambari. Somo hili halitaki macho tu, lataka na mikono.

KISA CHENYEWE

Jumamosi moja jioni, katika burudani ya chama chetu, niliombwa nionyeshe kiinimacho. Nilichagua ule mchezo ambao wengi waliowahi kushika karata wameuona: karata 21 zikipangwa kwa safu 3. Niliujua kama ninavyoijua njia ya kwenda bwenini. Lakini niliogopa kwamba ukiwa mfupi wenzangu wataudharau. Basi nikautia chumvi. Badala ya kupanga karata mara 3, nikapanga mara 4. Kila baada ya kupanga nikazipuliza, nikaizunguka meza, nikamwamuru yule aliyechagua karata afumbe macho ahesabu hadi 20.

Mara ya kwanza watu walitazama. Mara ya pili wakatazama. Mara ya tatu nikasikia mtu akipiga miayo. Mara ya nne sauti ikatoka nyuma: "Aisee, huyu anacheza karata ama anapanga viti?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilipoitoa karata yenyewe, saba ya kopa, ilikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo waliopiga makofi walikuwa wachache, tena kwa kunihurumia.

Baadaye mwalimu mlezi wa chama aliniita kando. Hakunikaripia. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, ile hatua ya nne ilikuwa ya nani?"

"Ya nani vipi, Mwalimu?"

"Karata ziliihitaji? Watu waliihitaji? Au uliihitaji wewe?"

Nilikosa jibu nikabaki nikichezea vifungo vya shati. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

MCHEZO WA KARATA 21

Kwanza tuone mchezo unavyofanyika. Mwambie mwenzako achague karata moja kwa moyo wake, asiitaje. Panga karata zote zikitazama juu, kwa safu 3 za karata 7. Usimalize safu moja kabla ya kuanza nyingine. Weka moja safu ya kwanza, moja ya pili, moja ya tatu, kisha urudi ya kwanza, hadi zote ziishe. Mwulize karata yake iko safu gani. Kusanya safu zote bila kuvuruga mpangilio wake, na ile aliyoitaja uiweke katikati ya zile nyingine mbili. Panga tena kwa namna ile ile, uulize tena, ukusanye tena. Fanya hivyo mara ya tatu. Sasa karata yake ni ya 11 kutoka juu. Ukihesabu kutoka chini pia ni ya 11, kwa kuwa iko katikati kabisa.

Kwa nini? Hapa hapana uchawi wala hirizi. Alipokujibu mara ya kwanza, karata 21 zilibaki 7 tu zinazoshukiwa. Uliziweka katikati, kwa hiyo ziko nafasi ya 8 hadi ya 14. Ukizipanga tena, hizo 7 hutawanyika katika safu zote 3, na kila safu hupata 2 au 3. Jibu la pili likupunguzie hadi 3, nazo zikikusanywa zitakuwa nafasi ya 10, 11 na 12. Ukizipanga mara ya tatu, kila moja huangukia safu yake, na zote huwa katika mstari wa nne, yaani katikati ya safu. Jibu la tatu likubakishie moja tu.

Kumbe kila kupanga ni swali! Swali moja lenye majibu 3 hutofautisha karata 3. Maswali mawili hutofautisha 3 mara 3, yaani 9. Maswali matatu hufika 27. Karata zetu ni 21: maswali mawili hayatoshi, matatu yanatosha na kubaki. Kwa hiyo hatua zile 3 zinahitajiwa na karata zenyewe. Ukiiondoa moja, mchezo unakufa.

Na ile hatua yangu ya nne? Karata iliyo nafasi ya 11, ukipanga tena, itaanguka mstari wa nne wa safu yake. Ukiiweka safu hiyo katikati, karata itarudi nafasi ya 11. Jaribu mwenyewe. Nilikuwa nimeweka mezani karata 63, nikaongeza 21 nyingine zikawa 84, na karata ile haikusogea hata nafasi moja. Nilikuwa nauliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mfukoni.

HATUA AMBAYO KARATA HAZIIHITAJI LAKINI WATU WANAIHITAJI

Baada ya hesabu hiyo nilitaka kukata shauri kwamba kila hatua isiyohitajiwa na karata itupwe. Nikamwendea mwalimu kwa furaha. Akatikisa kichwa akaniambia, "Nenda kajifunze mchezo mwingine kwanza." Nikajifunza, nami nikaona nilivyokosea.

Mchezo huo unatumia karata moja ambayo mimi naiita karata shahidi. Kabla hujaanza, iangalie kwa siri karata ya chini kabisa. Tuseme ni tano ya shupaza. Mwenzako achague karata yoyote, aitazame, airudishe juu ya fungu. Sasa fungu likatwe: sehemu ya juu iwekwe mezani, na sehemu ya chini iwekwe juu yake. Tano ya shupaza iliyokuwa chini kabisa sasa inalala moja kwa moja juu ya karata yake. Ukizifunua moja moja kutoka juu, inayofuata shahidi ndiyo yenyewe.

Mchezo huu wahitaji kukata mara moja tu. Lakini jaribu kukata mara moja kisha umtazame mwenzako usoni. Utaona shaka. Atasema, "Wewe umekata mwenyewe, umejua iko wapi." Sasa mpe akate yeye mwenyewe, mara ya pili na ya tatu. Utaona uso wake unabadilika. Anaamini kwamba karata yake imepotea kama sindano iliyoanguka nyasini.

Ukweli ni kwamba haijapotea. Kukata si kuchanganya. Fikiria wanafunzi walioshikana mikono kwa duara. Ukibadilisha mahali pa kuanzia kuhesabu, jirani ya kila mmoja anabaki yule yule. Hata mtu akikata mara 20, shahidi na karata iliyochaguliwa watabaki wameshikana mikono. Ila pengine mkato huangukia katikati yao, basi shahidi akawa wa mwisho chini na mwenzake akawa wa kwanza juu.

Kuchanganya hasa ni jambo jingine. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis, wote wa Marekani, walionyesha kwamba karata 52 zikigawanywa mafungu mawili na kuingilianishwa, zinahitaji kufanyiwa hivyo takriban mara 7 ndipo zichanganyike vizuri. Diaconis mwenyewe alikuwa mchezaji wa kiinimacho ujanani mwake kabla hajawa profesa. Kwa hiyo wewe unayetoroka hesabu ukidhani ni somo la wasio na raha, fikiri tena.

Turudi kwenye swali letu. Mkato wa pili na wa tatu ulikuwa wa nani? Karata hazikuuhitaji. Aliyeuhitaji ni mtazamaji, kwa sababu ulimwondolea shaka. Juan Tamariz wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1942 na ambaye ni miongoni mwa mabingwa wa kazi hii duniani, amefundisha kwamba mtazamaji hutafuta njia za kuieleza siri, na kazi ya mchezaji ni kuziziba njia hizo moja baada ya nyingine, hata zile ambazo si za kweli. Mkato wa pili huziba njia moja kama hiyo. Lakini mkato wa kumi hauzibi kitu. Mlango ukishafungwa, kuendelea kugeuza ufunguo ni kuharibu kitasa.

Vivyo hivyo kwa kurudia. Wapo wasemao kurudia ni kosa siku zote. Si kweli. Mwaka 1922, mjini Chicago, kijana wa Kanada aitwaye Dai Vernon alimwonyesha Houdini mchezo wa karata ambayo huingizwa katikati ya fungu, halafu huonekana imerudi juu. Houdini alikuwa akijigamba kwamba mchezo wowote akiuona mara tatu mfululizo ataigundua siri yake. Vernon akaurudia zaidi ya mara hizo tatu, na Houdini asiambulie kitu. Huko kurudia hakukuwa bure. Kila mara Houdini aliamini kwamba safari hii atamnasa, na kila mara mshangao ukazidi. Mimi niliporudia kupanga safu, watu hawakuwa wakingojea chochote kipya. Vernon aliongeza ngazi. Mimi nilizunguka nyumba.

HATUA INAYOMHITAJI MTAZAMAJI KWA UBAYA

Sasa nafika sehemu ambayo sikutaka kuiandika. Nimemwomba binamu yangu ruhusa, naye amenipa, mradi nisimtaje jina.

Likizo moja mama yake alimpa shilingi 4,000 za karo azilipe mwenyewe shuleni. Kwenye kituo cha mabasi alikuta watu wamezunguka kijimeza. Ulikuwa mchezo wa pata potea. Karata 3 zimelala kifudifudi, moja ni malkia wa kopa, mbili ni nyeusi. Ukimpata malkia, unalipwa. Mtu mmoja akaweka pesa akashinda. Akaweka tena akashinda. Kisha mwenye meza akageuka pembeni kukohoa, na jamaa mwingine akaikunja pembe ya malkia upesi, akamkonyezea binamu yangu kana kwamba ni ndugu. Karata zikasogezwa huku na huku. Pembe iliyokunjwa ilionekana wazi. Binamu yangu akaweka zote 4,000. Akaifunua ile yenye pembe iliyokunjwa. Ilikuwa nyeusi.

Aliyeshinda, aliyekunja na aliyekohoa walikuwa kitu kimoja. Yule mwenye meza, alipokuwa akizisogeza karata, aliinyoosha pembe ya malkia na kuikunja ya karata nyingine.

Nilipousikia mkasa huu, kanuni yangu ilianguka. Nilikuwa nimesema kwamba hatua nzuri ni ile iliyowekwa kwa ajili ya mtazamaji. Lakini kikohozi kile kiliwekwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya binamu yangu! Ile konyezo nayo ilikuwa yake. Na pembe pia. Hapana hatua hata moja iliyopotea bure. Zote zilimlenga yeye, kama chambo kinavyomlenga samaki.

Basi haitoshi kuuliza hatua ni ya nani. Lazima tuulize pia: ikiisha, inamwacha na nini? Mtazamaji wa kiinimacho cha kweli anajua tangu mwanzo kwamba atachezewa, na amekubali. Anaondoka na mshangao, na mifuko yake iko vile vile. Wa pata potea anaambiwa, kwa konyezo na kwa pembe, kwamba yeye ndiye mjanja na mwenye meza ndiye mjinga. Uongo wenyewe uko hapo. Tena nakuonya, msomaji mwenzangu, usidhani kwamba kwa kuwa umeijua siri hii utawaweza. Mchezo ule haukuwekwa ili ushinde. Pita zako.

Kuna jambo moja zaidi. Binamu yangu alikaa na aibu ile miezi kadhaa. Mama yake alimwuliza mara nyingi, "Ulipotezaje pesa zote ukiwa na macho yako?" naye hakuwa na neno la kujibu. Siku moja jioni nilikaa naye jikoni, mama yake akiwepo, nikachukua karata 3 nikawaonyesha hatua moja moja, polepole: hapa anakohoa, hapa mwenzake anakunja, hapa anainyoosha kwa kidole hiki. Nikarudia mara tano, maana mama aliomba. Mara ya tano mama akaweka sufuria chini akasema, "Mwanangu, hata mimi ningeweka." Hakusema zaidi. Binamu yangu akainama, lakini safari hii hakuinama kwa aibu.

Kurudia kule mara tano, mpenzi msomaji, hapana aliyepiga miayo.

KIPIMO CHA KILA HATUA

Kutokana na hayo yote nimejiwekea maswali manne. Kila hatua ya mchezo wangu huijaribu kwayo:

1. Je, mchezo utakufa hatua hii ikiondolewa? Kama ndiyo, ibaki.

2. Kama hautakufa, je, inamwondolea mtazamaji shaka, au inamwongezea hamu? Kama ndiyo, ibaki, lakini ipimwe kama chumvi.

3. Je, nimeiweka kwa sababu naogopa, au nataka nionekane hodari? Kama ndiyo, iondoke, hata kama naipenda. Kupuliza kwangu karata kuliondokea hapa.

4. Ikiisha, mtazamaji atabaki na nini? Kama atabaki amepungukiwa, si hatua hiyo tu iondoke. Mchezo wote uachwe.

Muhula uliofuata niliomba nafasi nyingine katika burudani. Nilitumia karata zile zile 21 na safu zile zile 3. Nilipanga mara 3 tu, tena upesi, na kila mara nikampa mtu mwingine kazi ya kutaja safu, baada ya kunong'onezana karata na aliyechagua. Hiyo ilikuwa hatua ya ziada, lakini iliwafanya watatu kuwa wachezaji badala ya mmoja. Mwishoni sikuhesabu hadi 11 kama mtu anayehesabu magunia. Nilimwomba mgeni wetu aliyechagua karata ataje herufi za neno KIINIMACHO, na kwa kila herufi niliweka karata moja mezani. Neno lile lina herufi 10. Alipofika O ya mwisho, nikamwambia afunue mwenyewe inayofuata. Ilikuwa ya 11.

Siwezi kujisifu kwamba paa liliruka. Lakini walipiga makofi bila kuombwa, na yule jamaa wa nyuma, yule yule wa viti, akapaza sauti, "Rudia!" Sikurudia. Niliweka karata mfukoni nikaketi.

Sasa waona kwa nini makala haya yako katika jarida la Kiswahili. Ukiandika insha, kila sentensi ni hatua. Iko inayobeba hoja, iko inayomshika msomaji mkono, na iko ile uliyoiweka ili mwalimu aone kwamba unajua misemo. Hiyo ya tatu waijua mwenyewe. Mimi nilikuta nyingi katika insha zangu, na kalamu nyekundu iliyozikata haikuwa ya mwalimu.

ZOEZI

1. Una karata 9 katika safu 3. Utapanga mara ngapi, na karata iliyochaguliwa itakuwa nafasi ya ngapi ukiweka safu yake katikati kila mara?

2. Una karata 27 katika safu 3 za karata 9. Mwenzako anataka karata yake iwe ya 20 kutoka juu. Mara ya kwanza weka safu yake katikati, mara ya pili iweke juu, mara ya tatu iweke chini. Jaribu. Je, akitaka iwe ya 14 utafanyaje?

3. Katika mchezo wa shahidi, umefunua karata zote na shahidi amekuwa wa mwisho. Karata ya mwenzako ni ipi?

4. Chukua insha yako ya mwisho. Chagua sentensi tano, na kwa kila moja uulize: hii ni ya nani?

MAJIBU

Swali la 1: mara 2, nafasi ya 5. La 2: weka katikati mara zote tatu. (Kwa nambari yoyote, toa 1 kwanza, kisha iandike kwa moja-moja, tatu-tatu na tisa-tisa. Sifuri ni juu, 1 ni katikati, 2 ni chini. Kwa 20: toa 1 upate 19, ambayo ni moja 1, tatu 0, tisa 2.) La 3: ni ile ya kwanza uliyofunua. La 4: jibu unalo wewe.

Kwaherini, tukutane toleo lijalo Mungu akipenda.